Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kupima Ufuasi wa Dawa za ARV katika Kliniki za Unguja na Pemba

Maswali haya ndiyo wanayoulizana washauri nasaha, wafamasia na wauguzi wa kliniki za tiba na matunzo, ambako wanaoishi na virusi vya UKIMWI hupewa ARV, dawa za kuvidhibiti virusi hivyo, pamoja na yale wanayouliza wagonjwa wenyewe wanapoona vidonge vyao vikimiminwa juu ya trei na kuhesabiwa kimoja kimoja. Majibu hayachukui nafasi ya mwongozo wa Wizara ya Afya wala ya daktari anayemjua mgonjwa wake. Yanaeleza namna vipimo vya ufuasi vinavyofanya kazi, mahali vinapodanganya, na mambo ya visiwani kwetu ambayo vitabu vilivyoandikwa kwingine haviyataji.

Ufuasi wa dawa ni nini hasa?

Ufuasi ni kiasi ambacho mgonjwa anatumia dawa zake kama alivyokubaliana na mtoa huduma: dawa ile ile aliyoandikiwa, kwa dozi yake, kwa wakati wake, na bila kukatisha. Neno la kuzingatia hapo ni kukubaliana, kwa sababu mtu aliyepewa tu maelekezo dirishani bila ya kuulizwa anafanya kazi gani na analala wapi hajakubaliana na jambo lolote, na kumpima baadaye kwa kipimo cha makubaliano ni kumwonea.

Wagonjwa wengi watu wazima hivi sasa wanatumia TLD, kidonge kimoja chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, kinachomezwa mara moja kwa siku. Urahisi huo umewafanya baadhi yetu tudhani kwamba suala la kupima limekwisha. Halijakwisha, kwani ndani ya neno ufuasi mna mambo mawili ambayo asilimia moja huyachanganya: kumeza kila siku, na kudumu. Mgonjwa aliyeruka kidonge kimoja kila baada ya siku 9 na mwengine aliyemeza siku 81 mfululizo kisha akaacha siku 9 nzima wote wana asilimia 90, lakini hali zao hazifanani hata kidogo. Wa kwanza dawa haikuwahi kumtoka mwilini. Wa pili aliwaachia virusi nafasi ya kuanza kuzaliana upya.

Ikiwa kipo kipimo cha wingi wa virusi kwenye damu, kuhesabu vidonge kuna haja gani tena?

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi, na anayeliuliza huwa ana hoja. Wingi wa virusi ndio unaotuambia kama tiba inafanya kazi. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2023, mtu mwenye zaidi ya nakala 1,000 za virusi katika mililita moja ya damu huhesabiwa kuwa virusi vyake havijafubaa, yaani dawa hazijavidhibiti. Mwenye nakala zinazoonekana lakini hazizidi 1,000 huhesabiwa kuwa vimefubaa, na uwezekano wa kumwambukiza mwenza wake kwa njia ya kujamiiana ni mdogo mno. Na yule ambaye virusi havionekani kabisa katika kipimo hana hatari ya kumwambukiza mwenza wake kwa njia hiyo. Habari hiyo ya mwisho inafaa isemwe kwa sauti katika kila kliniki, maana wapo wanaotumia dawa miaka mingi na hawajawahi kuambiwa.

Hata hivyo, kipimo hicho huchukuliwa baada ya miezi 6 ya kuanza dawa, kisha miezi 12, na baada ya hapo mara moja kwa mwaka kwa mtu ambaye hali yake ni ya kuridhisha. Baina ya kipimo na kipimo kuna msimu mzima wa karafuu, kuna Ramadhani, kuna harusi na misiba, na mgonjwa anaweza kuacha dawa na kuzirudia bila ya damu yake kuulizwa chochote. Aidha, wingi wa virusi ni matokeo, na ufuasi ni mwenendo ulioleta matokeo hayo. Jibu la maabara linalosema nakala 8,000 halielezi kama mtu huyu anaruka dozi, au anameza kila siku pamoja na dawa nyengine inayoizuia ARV isifyonzwe, au amepata virusi sugu. Kila moja kati ya hayo ina njia yake ya kushughulikiwa, na kuyatenganisha hakuwezekani bila ya kupima ufuasi.

Kinyume chake pia ni kweli. Dolutegraviri ni dawa yenye uvumilivu, na wapo wagonjwa wanaosahau dozi kadhaa kila mwezi ambao virusi vyao bado vimefubaa. Kwa hivyo jibu zuri la maabara halithibitishi kwamba mtu anameza kila siku, wala halitoi ruhusa ya kufunga daftari hadi mwakani.

Asilimia 95 inayotajwa kila siku imetoka wapi?

Imetoka kwa sehemu kubwa katika utafiti wa Paterson na wenzake uliochapishwa Marekani mwaka 2000, uliofuatilia wagonjwa 81 waliokuwa wakitumia dawa za kundi la vizuizi vya protisi, ambazo wakati huo zilimezwa mara kadhaa kwa siku. Miongoni mwa waliofikisha asilimia 95 na zaidi, tiba ilishindwa kwa asilimia 22. Miongoni mwa waliokuwa chini ya asilimia 80, ilishindwa kwa asilimia 80. Takwimu hizo zilikuwa nzito, na asilimia 95 ikageuka kuwa kama aya.

Dawa zimebadilika tangu wakati huo, na tafiti za baadaye zimeonesha kwamba kwa dawa za sasa virusi vinaweza kufubaa hata kwa ufuasi ulio chini ya hapo. Tunaendelea kuilenga 95 kwa sababu inaacha nafasi ya makosa, lakini si haki kumtisha mgonjwa mwenye 91 kana kwamba amekwisha angamia. Katika hesabu ya kidonge kimoja kwa siku, 95 maana yake ni kukosa kidonge kisichozidi kimoja katika siku 30, au vinne katika siku 90. Mgonjwa huambiwa hivyo, kwa vidonge. Asilimia ni lugha yetu sisi wa daftari.

Vidonge vinahesabiwaje bila ya kumdhulumu mtu?

Kanuni yenyewe ni nyepesi: chukua vidonge alivyokuwa navyo mwanzo, toa vilivyobaki, gawa kwa dozi alizotakiwa kumeza katika siku zilizopita, kisha zidisha kwa 100. Dhuluma huingia katika neno "alivyokuwa navyo".

Mama mmoja alichukua kopo la vidonge 90 tarehe 3 Machi na akaanza kulitumia usiku ule ule. Akarudi asubuhi ya tarehe 27 Mei, baada ya dozi 85. Ndani ya kopo mlikuwa na vidonge 11. Hesabu ikatoka 79 kwa 85, yaani asilimia 93, na aliyeandika majibu haya, ambaye siku hiyo ndiye aliyeshika kalamu, akampeleka kwenye nasaha za ziada. Mama akakaa karibu nusu saa akisikiliza kwa adabu zote, na wakati wa kuaga ndipo aliposema: "Mwanangu, na vile vinne vya kopo la nyuma nilivimimina humu humu." Kwa hivyo alikuwa na 94, si 90, amemeza 83 kati ya 85, na ufuasi wake ni karibu asilimia 98. Swali moja lililopaswa kuulizwa kabla ya kuhesabu lilikuwa: je, ulibakiwa na vidonge vya zamani? Kadi ya kliniki yenye sehemu ya kuandika vilivyobaki huondosha tatizo hili, mradi sehemu hiyo ijazwe kila mara.

Jambo la pili ni kopo lenyewe. Wengi hawaji nalo. Kopo la vidonge hulia kila gari inapopita juu ya shimo, na abiria wa jirani akisikia mlio ule hana haja ya kuuliza. Wapo wanaolisokota pamba kwa ndani, wapo wanaobandua karatasi ya jina, na wapo wanaoleta vidonge vikiwa vimefungwa kwenye pindo la kanga, huku vingine wameviacha nyumbani makusudi. Anayehesabu kilichofunguliwa mbele yake bila ya kuuliza vingine viko wapi atapata ufuasi mzuri kuliko ulivyo. Mgonjwa naye aelezwe kwamba dawa hizi huharibiwa na unyevu, na mahali pake pa kukaa ni ndani ya kopo lake lililofungwa. Pamba mpya na kavu ndani ya kopo ina nafuu kuliko pindo la kanga.

Katika tafiti za nchi nyengine, watafiti huenda kuhesabu vidonge nyumbani kwa mgonjwa bila ya kumpa taarifa, ili asipate nafasi ya kumwaga vilivyobaki. Kwetu sisi njia hiyo haifai. Mgeni akiingia katika kijiji cha Pemba na mkoba wake habari zake huwa zimeshafika kabla yeye mwenyewe hajafika barazani, na jioni itakuwa imeshajulikana alikwenda nyumba ya nani.

Hesabu ikitoka zaidi ya 100 ina maana gani?

Ina maana kwamba vidonge vimetoka kwenye kopo kwa wingi kuliko siku zilizopita. Mara nyengine ni kosa la tarehe au la aliyehesabu wakati wa kutoa dawa. Mara nyengine mgonjwa ameongeza dozi kwa kudhani atafidia alizosahau, au amempa mwenzake aliyeishiwa, au amevitupa asije akaulizwa. Mfano wa tarehe 3 Machi ungetoka asilimia 106 endapo kopo la 90 lingekutwa tupu na hakuna cha zamani kilichoongezwa. Usiandike 100 na kupita. Uliza kwa upole, kwani nyuma ya 106 mara nyingi kuna mume na mke wanaotumia kopo moja kwa sababu mmoja wao hajathubutu kuja kliniki.

Je, maneno ya mgonjwa mwenyewe yanaaminika?

Yanaaminika kwa upande mmoja kuliko mwengine. Mtu anayesema ameruka dozi karibu kila mara anasema kweli, kwa sababu hana faida ya kujisingizia. Mtu anayesema hajaruka hata moja huenda anasema kweli, huenda amesahau kwamba alisahau, na huenda anamstahi mtoa huduma aliye mbele yake. Hiyo ndiyo sababu maelezo ya mgonjwa kwa kawaida huonesha ufuasi wa juu kuliko vipimo vyengine. Pamoja na hayo, haya ndiyo maelezo pekee yanayoweza kutuambia kwa nini.

Namna ya kuuliza ina uzito kuliko tunavyodhani. Swali "Unameza dawa vizuri?" halina jibu jengine ila ndiyo. Anayelianza kwa kusema "Kwa nini umeacha dawa?" ameshahukumu. Kiswahili kimetupa neno zuri zaidi kwa kazi hii, nalo ni kupitiwa, ambalo halimbebeshi mtu lawama: "Bi mkubwa, dawa za kila siku watu wengi huwapitia. Katika siku hizi 7 zilizopita, ni siku ngapi zilikupitia?" Kisha kipindi kirefushwe hadi siku 30, na baada ya hapo ulizwe usiku wa jana, kwa sababu jana hukumbukwa vyema kuliko mwezi mzima. Mwisho iulizwe Jumamosi na Jumapili, au siku za safari, ambapo utaratibu wa nyumbani hubadilika.

Upo pia mstari wa kukadiria, wenye 0 upande mmoja na 10 upande mwengine, ambao mgonjwa huonesha kwa kidole amefika wapi. Wazee wengi mstari huo hauwaelei. Kete 10 za bao juu ya meza, ukamwambia atenge zile za dozi alizokosa, hufanya kazi hiyo hiyo na huleta tabasamu ambalo mstari haulileti.

Faragha ni sehemu ya kipimo. Mgonjwa anayeulizwa maswali haya huku mlango uko wazi na jirani yake wa shehia moja yupo kwenye benchi nje atajibu "salama" kwa kila kitu, na jibu hilo litakuwa linaupima mlango.

Tarehe za kuchukua dawa zinaweza kutumika kama kipimo?

Zinaweza, na kwa kliniki yenye watumishi wachache hiki ndicho kipimo chenye nafuu kuliko vyote, kwa sababu taarifa zake zimeshaandikwa. Tuseme mtu amepewa dawa za siku 90 na hakuwa na akiba. Amerudi siku ya 102, akapewa nyengine 90. Katika siku 180 za mwanzo, siku 12 hakuwa na kidonge mkononi. Amefunikwa na dawa kwa siku 168, sawa na asilimia 93. Kumbuka kwamba hiyo ni dari: hawezi kuwa amemeza zaidi ya hapo, lakini anaweza kuwa amemeza pungufu, kwani kuchukua dawa si kuimeza. Kwa kuwa sasa watu wengi hupewa dawa za miezi 3 au 6 kwa mpigo mmoja, kipimo hiki kimepoteza ukali wake. Mtu anayekuja mara 2 kwa mwaka anatupa tarehe 2 tu za kumhukumu.

Hapa ndipo mambo ya visiwani yanapoingia kwa nguvu. Mvuvi aliyekwenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali na kwao, harudi kwa sababu ya tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Hurudi samaki wanapohama au pepo zinapogeuka. Msimu wa karafuu ukiingia watu huhamia makambini, na wapo wanaovuka kutoka Unguja kwenda Pemba kuchuma. Wapo wa Pemba wenye ndugu Tanga ambao huvuka na kukaa miezi. Ukimwona mtu kama huyo amechelewa siku 20, daftari litasema ameacha, na huenda alichukua dawa Mkoani, au Mnazi Mmoja, au ng'ambo kabisa. Kwa upande mwengine, kwa kuwa maambukizi visiwani kwetu yako chini ya asilimia 1 ya watu, kliniki ni chache, wagonjwa hujulikana kwa sura, na mtu wa Wete anaweza kuona ni bora aandikishwe Chake Chake kuliko kukutana na shemeji yake kwenye foleni. Baadhi hujiandikisha mara mbili, na kila kliniki humhesabu kuwa mtoro wa nusu.

Njia iliyo bora ni kuuliza safari kabla haijatokea. Kabla ya msimu wa karafuu kuanza, kila mgonjwa aulizwe kama atahama, apewe dawa za kutosha na barua ya uhamisho wa muda, na jambo hilo liandikwe kwenye kadi ili hesabu ya baadaye isimwonee. Viwango vya kimataifa vinavyotumika sana humhesabu mtu kuwa amekatisha tiba zikipita siku 28 baada ya tarehe aliyopangiwa kurudi. Kumtafuta kuanze mapema zaidi ya hapo, kwa simu aliyoiridhia mwenyewe.

Vipi kuhusu makopo yenye chipu na ujumbe wa simu?

Yapo makopo yenye kifuniko kinachohifadhi siku na saa ya kila kufunguliwa, na watafiti huyapenda kwa sababu yanaonesha mpangilio wa siku zilizorukwa, jambo ambalo hesabu ya vidonge haiwezi. Hata hivyo, kufungua kifuniko si kumeza, na mtu anayetoa vidonge vya wiki nzima siku moja ili asafiri navyo huonekana mtoro wa siku 6. Bei yake haifai kwa kliniki ya kawaida, na chombo kigeni namna hiyo juu ya kabati huvuta macho ya kila anayeingia chumbani. Ujumbe wa simu husaidia kukumbusha, lakini simu nyingi za nyumbani zina mikono zaidi ya miwili. Ujumbe usitaje ugonjwa, dawa wala kliniki.

Dawa yenyewe inaweza kupimwa mwilini?

Inaweza. Kiasi cha dawa katika majimaji ya damu kinaonesha siku chache tu za karibuni, na mkojo vivyo hivyo, kwa hivyo mtu aliyeanza kumeza tena siku tatu kabla ya tarehe ya kliniki ataonekana mwema. Tenofoviri iliyobadilika umbo ndani ya seli nyekundu za damu hudumu zaidi, ikipungua kwa nusu kila baada ya siku 17 hivi, na tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi linaweza kutupa picha ya wiki kadhaa. Nywele hurefuka kwa kadiri ya sentimita 1 kwa mwezi na huhifadhi dawa kwa mtiririko wa miezi.

Vipimo hivi ni vya utafiti zaidi kuliko vya huduma ya kila siku. Na kuhusu nywele, mtafiti atakayekuja kwetu na mkasi ajue mapema kwamba nywele za mtu hapa hazitolewi hivi hivi zikachukuliwa pasipojulikana. Ataulizwa zinakwenda wapi na kufanywa nini, na jibu la kwamba zinakwenda maabara halitamtosha kila mtu.

Ramadhani inabadilisha chochote?

Anayemeza kidonge chake saa 3 usiku habadilishi kitu. Anayemeza asubuhi atahitaji kuhamia daku au futari, na daku ndiyo rahisi zaidi siku ya mwanzo, kwa kuwa aliyemeza saa 1 asubuhi ya jana akimeza saa 10 alfajiri atakuwa amewahi kwa saa 3 tu. TLD inaweza kumezwa pamoja na chakula au bila chakula. Mgonjwa mwenye maradhi mengine, mjamzito, au anayetumia dawa mara mbili kwa siku azungumze na daktari wake kabla ya mwezi kuandama.

Kwa anayepima ufuasi kuna mambo mawili. Kwanza, swali la "Je, ulimeza saa ile ile?" likiulizwa katikati ya Ramadhani litawafanya wote waonekane wamekosea, rekebisha swali. Pili, tatizo kubwa la mwezi huu ni faragha. Miezi mingine mtu humeza wenzake wamelala. Wakati wa daku nyumba nzima iko macho, sinia ni moja, na mama mkwe anaona kila mkono unaokwenda mdomoni. Wagonjwa waliotueleza ukweli walisema waliruka dozi za Ramadhani kwa kukosa pembe ya kujificha, wala hawakuwa wamesahau. Ushauri wa saa haumsaidii mtu wa aina hiyo. Anahitaji kupangiwa mahali, kwa mfano kumeza baada ya tarawehe, njiani, na kidonge kimoja tu mfukoni.

Mgonjwa anameza kila siku, na virusi bado viko juu. Nimwamini nani?

Mwamini mgonjwa kwanza, kisha angalia mengine anayotumia. Dolutegraviri hushikana na madini tumboni na kushindwa kufyonzwa. Mjamzito anayemeza vidonge vya kuongeza damu au vya kalsiamu pamoja na ARV, bila chakula, anapoteza sehemu ya dawa yake ingawa ufuasi wake ni asilimia 100. Avimeze pamoja na chakula, au ameze ARV saa 2 kabla au saa 6 baada ya vidonge hivyo. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu hutenganishwa kwa saa hizo hizo, chakula kiwepo au kisiwepo. Mwenye kifua kikuu anayetumia rifampisini huhitaji dolutegraviri mara mbili kwa siku, na hapa anayehesabu vidonge akumbuke kwamba kuna makopo mawili. Akilihesabu la TLD peke yake, dozi ya pili itamponyoka.

Ulizia pia kombe (maandishi ya Kurani yanayooshwa kwa maji na kunywewa kama dawa), mitishamba na dawa za duka, bila ya dharau. Iwapo virusi vimezidi nakala 1,000, utaratibu uliozoeleka ni vikao vya nasaha za ufuasi kwa kiasi cha miezi 3, kisha kipimo kurudiwa. Ikiwa ufuasi umethibitika kwa njia zaidi ya moja na virusi bado havijashuka, hapo ndipo suala la usugu linapopaswa kufika mezani.

Watoto na vijana wapimwe vipi?

Kwa mtoto, anayepimwa ni mlezi, na walezi huwa wengi: mama, bibi, shangazi. Muulize aliyemlisha dawa juzi, si aliyemleta leo. Kijana wa skuli ya dakhalia ana shida ya sanduku lisilo na kufuli na chumba cha watu wengi. Vidonge vyake vikikutwa pungufu, ukweli huweza kuwa alivitupa chooni aliposikia ukaguzi wa mabweni unakuja. Mzungumze naye peke yake, mzazi akiwa nje.

Na wale wanaotumia methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini?

Kwao kipimo kipo tayari. Tangu huduma ya methadoni ilipoanza katika hospitali ya Kidongo Chekundu, Unguja, mwaka 2015, mteja hunywa dozi yake mbele ya mtoa huduma kila siku, na ARV zinaweza kutolewa hapo hapo kwa anayeridhia. Siku asiyokuja kwa methadoni ndiyo siku ya kuuliza kuhusu ARV.

Nikisahau kidonge, nifanye nini?

Kimeze mara unapokumbuka, isipokuwa kama zimebaki chini ya saa 4 kufikia dozi inayofuata. Hapo subiri wakati wake. Usimeze viwili kwa pamoja. Na ukija kliniki, sema.

Kliniki yenyewe inaweza kulinganishwa na nyengine kwa asilimia za ufuasi?

Kwa tahadhari kubwa. Kliniki ya wilaya yenye wagonjwa 40 hushuka kwa asilimia 5 pale watu wawili tu wanapokwenda dago, na mkaguzi anayetazama jedwali kutoka mjini ataona kliniki imeporomoka. Takwimu ndogo namna hiyo zitazamwe kwa mwaka mzima, na zitajwe kwa idadi ya watu badala ya asilimia. Kliniki mbili zilinganishwe tu ikiwa zimetumia kipimo kimoja. Kliniki inayohesabu vidonge itaonekana mbaya mbele ya inayouliza kwa mdomo, ingawa huenda ndiyo inayowahudumia watu wake vyema zaidi.

Na kabla jedwali halijatoka nje ya ofisi, lisomwe na mtu wa hapo hapo kijijini. Safu inayosema "mwanamke, miaka 15 hadi 19, shehia fulani: 1" haina jina, lakini kila mtu wa shehia ile ameshamjua. Safu hiyo iunganishwe na nyengine hadi idadi iwe kubwa, au ifutwe.